Ananiita Zulma

Jumamosi, tarehe 20 Julai

Redio imesema asubuhi hii: hakuna nyongeza tena. Likizo ya baridi imekwisha, shule zinafunguliwa Jumatatu, baridi ipungue isipungue. Walikwisha kuiongeza wiki nzima kwa ajili ya mafua. Potosí yote ilifurahi, mimi peke yangu nilinuna, maana kila siku iliyoongezwa ni siku moja zaidi ya watoto wangu kukaa Camargo kwa bibi yao. Kesho nakwenda kuwachukua. Waje kuishi na mimi. Hatimaye!

Vyumba viwili tayari. Jiko la gesi, vitanda vitatu, pazia. Grover nimemnunulia blanketi lenye picha ya farasi. Sijui kama anapenda farasi. Nilipokwenda Antofagasta, ng'ambo ya mpaka, kusafisha vyumba vya hoteli alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, halali bila kijiko mkononi. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika juu ya mwanangu — kijiko. Sasa ana miaka sita na ushee.

Nimerudi tangu Pasaka. Mama akasema waache wamalize nusu mwaka, watoto hawahamishwi kama mbuzi. Nikakubali. Mimi nimekubali mengi.

Jumapili, tarehe 21 Julai

Tumefika. Nimechoka hadi kwenye kucha.

Mama alitusindikiza mpaka kwenye basi. Mama yangu mimi, Basilia — bora nifafanue hata humu daftarini, maana neno hilo sasa lina wenyewe wengi. Watoto wanamwita yeye mama. Mimi naitwa Zulma. Yaani Grover ndiye ananiita Zulma. Nayra haniiti kitu. Ana miaka kumi na mmoja, anajua kukwepa. "Sikia." "Eti." "Samahani, chumvi iko wapi?" Samahani! Kana kwamba ananiuliza njia barabarani.

Kituoni Grover alishika sketi ya Mama kwa mikono miwili. Hakupiga kelele, alishika tu. Mama akawa anafungua kidole kimoja kimoja, na kila akifungua cha tatu, cha kwanza kimerudi. Abiria wanatazama. Ndipo neno likanitoka, bila mtu kuniuliza: "Tujaribu mpaka sikukuu ya uhuru. Uje kuona gwaride, Mama. Kama bado analia, utarudi naye."

Mama akanitazama. "Umesema mwenyewe, binti yangu."

Nimesema mwenyewe. Ahadi ni deni. Siku kumi na sita.

Njiani alitapika mara mbili. Tulipokaribia mjini pua ikamtoka damu, huku juu hewa ni nyembamba kwa mtoto wa bondeni. Akauliza mbona hewa haitoshi. Nayra akamjibu bila kugeuka: "Tumekuja wengi, tunagawana." Nilicheka. Hakuna aliyecheka na mimi.

Jumatatu, tarehe 22 Julai

Bomba limeganda. Nimelimwagia birika zima la maji ya moto ndipo likakohoa. Ratiba ya baridi: shule inachelewa nusu saa. Asante kwa hiyo nusu saa! Grover nilimvalisha soksi mbili, sweta mbili, kofia. Alisimama kama gunia, ananiacha nifanye nitakalo. Mtoto mtiifu anatisha kuliko mtoto mtundu.

Adhuhuri niliomba ruhusa kwenye karakana ya ushonaji nikakimbia kumchukua. Mwalimu wake ni binti mdogo, skafu imemfika puani. Akamwuliza Grover: "Huyu aliyekuja kukuchukua ni nani?"

"Zulma."

"Zulma nani?"

"Zulma tu."

Akanigeukia, kwa adabu kabisa: "Dada, samahani sana, watoto hatuwakabidhi wasichana wa kazi bila barua ya mzazi."

Nikapigwa na butwaa. Miaka mitano Antofagasta nilikuwa Zulma wa usafi, na hapa langoni mwa shule pia ni Zulma wa usafi! Kitambulisho nimekiacha karakanani. Nikasimama uani na wasichana wa kazi wa kweli, tukipigwa na upepo, mpaka Nayra alipotoka darasani kwake. Mwalimu akamwuliza, je, unamfahamu huyu dada? Nayra akanitazama — alichukua muda wake, mtoto yule! — akasema: "Ndiyo. Ni wa kwetu."

Wa kwetu. Kama mbwa.

Ila tulipofika kona ya barabara akanipa mfuko wake niubebe. Nikaubeba.

Jumatano, tarehe 24 Julai

Sokoni na Grover. Nilihesabu, Mungu anisamehe, nilihesabu.

Muuza viazi: "Mama, hivi ni vitamu?" Muuza mkate: "Mama, ule mkubwa." Muuza api, amekaa juu ya ndoo yake na sketi sita, mvuke wa uji wa zambarau unamfunika uso: "Mama, niongezee kidogo tu." Naye: "Chukua baba yangu, chukua roho yangu," akamwongezea nusu kikombe. Mwenye nyumba wetu ni Mama Eulogia. Mpita njia aliyemwokotea kofia, asante mama. Mji mzima una mama, kila mwenye sketi ni mama wa Grover.

Kisha akavuta koti langu. "Zulma, nimeungua ulimi."

"Pole, baba," nikamwambia. Nikampulizia ulimi. Namwita baba kama mama yeyote amwitavyo mwanawe, na linanitoka lenyewe. Lake haliji. Nalitamani neno lile kuliko nilivyotamani kurudi nyumbani. Ni aibu, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, kumwonea wivu muuza uji.

Alhamisi, tarehe 25 Julai

Nimefanya ujinga. Nimempigia Mama simu nikamlalamikia. Akasema, nipe huyo mtoto. Sauti yake naijua, ilipasua hewa hadi kwangu: kuanzia leo huyo si Zulma, ni mama yako, umesikia? Mimi ni bibi. Sema: bibi. Grover akasema, bibi. Sema: mama. Kimya. Sema! Akasema.

Baadaye, kwenye chakula, akakaa wima, mikono mezani. "Mama Zulma, naomba chumvi."

Mama Zulma! Kama Mama Eulogia! Nayra akaangua kicheko, supu ikamtoka puani. Na mimi nikacheka, nifanyeje, machozi yakapata kisingizio.

Ijumaa, tarehe 26 Julai

Mama Zulma, kiatu. Mama Zulma, nimemaliza. Mama Zulma, ninaweza kwenda chooni. Anauliza ruhusa kwenda chooni!

Jumamosi, tarehe 27 Julai

Tulifua uani, mimi na Nayra, jua lilipofika. Mikono imekuwa miekundu kama nyanya. Grover alikuwa kwa Mama Eulogia anatazama televisheni. Nikamwomba Nayra amwambie mdogo wake aache hilo la Mama Zulma. Aniite Zulma, basi. Nimechoka kuwa mpangishaji.

Akasuuza soksi muda mrefu. Halafu: "Unajua ana kuku?"

Kuku gani?

"Camargo. Kuku wake. Anaitwa Zulma."

Nikasema, vizuri, nashukuru sana, baada ya miaka mitano ya kutandika vitanda vya watu nimekuwa kuku.

"Si hivyo," akasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira ya kunielekea mimi, si ya kunikwepa. "Ndiye yule haruhusiwi mtu kumchinja. Mama alimtaka kwa Krismasi, Grover akalala bandani. Kila Jumapili ulipokuwa unapiga simu alikuwa ananawa uso. Anachana nywele. Kwa simu! Nikimwambia hakuoni, anasema, Zulma anaona." Akakamua soksi kama anamnyonga mtu. "Hilo jina si dogo kwake. Wewe ndiye unaliona dogo."

Nikaenda kuanika. Mashuka yaliganda kwenye kamba kabla sijabana kibanio cha mwisho.

Nikamwambia Grover mwenyewe: niite Zulma, baba. Akavuta pumzi kama aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Jumanne, tarehe 30 Julai

Leo asubuhi aligundua barafu inayoning'inia kwenye mfereji wa bati. Hajawahi kuona. Akavunja kipande kirefu, akakiramba, akapigana nacho kama upanga. Alicheka! Meno yake mawili ya mbele hayapo, nilikuwa sijajua, maana mtu asiyecheka haonyeshi mapengo.

Adhuhuri anatoka shule na suruali imelowa hadi goti. Nikadhani amejikojolea, nikafunika kwa shali watoto wasimwone. Kumbe alitia barafu mfukoni. "Ilikuwa ya mama," akasema. "Akija gwaride nimpe." Akageuza mfuko nje, akautazama. Kisha akalia, si kwa sauti. Akauliza kama Camargo wameanza kupogoa mizabibu. Nikasema, nadhani wameanza. Akauliza nani anaokota vijiti sasa, kwa sababu kazi hiyo ni yake.

Najua kilio hicho. Nilikuwa nacho Antofagasta, chumba 214, nikiwa nimeshika mto wa mtoto wa mgeni. Hamu haina dawa, ina kungoja tu. Na mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu kungoja, mapema hivi.

Alhamisi, tarehe 1 Agosti

Agosti imeingia, ardhi imefungua kinywa. Mama Eulogia alichoma sadaka uani: peremende, sufu, majani ya koka, ubani. Akatuita sote. Kila mtu aweke kitu na aombe. Mama Ardhi ana njaa mwezi huu, anasikia.

Hata udongo! Hata udongo huku unaitwa mama. Mimi nabaki Zulma.

Nayra aliomba viatu, kwa sauti, ili na mimi nisikie. Grover aliweka peremende yake, baada ya kuilamba kidogo, akanong'ona muda mrefu. Mama Eulogia akanitania: "Na wewe mama watoto, mbona umekunja uso kama unaomba talaka?" Nikamwambia naomba kitu kidogo tu. Akaniangalia, mzee yule haoni vizuri lakini anaona. "Kulea mimba si kazi," akasema, "kazi kulea mwana. Na wewe umeanzia katikati, mwanangu. Usikimbie kama uliyeanza mwanzo."

Hapo kaa likaruka. "Mama, sketi yako!" — Nayra. Nayra! Alinipiga kwa mikono yake yote miwili hadi moto ukazima, kisha akasikia alichosema, akawa mwekundu, akasema, "Eti, sikia, nenda ukabadilishe." Tundu la ukubwa wa sahani. Sketi yangu nzuri ya pekee.

Ingeungua yote.

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Mama amefika na basi la mchana. Kofia yake, shali la kahawia, goti linamsumbua, anashuka ngazi kwa ubavu. Amebeba jibini, pichi zilizokaushwa, mkate wa kwao, na habari za kuku (ametaga). Grover alikimbia uwanja wote wa kituo. Alimgonga tumboni, kofia ikaanguka.

Nilibaki na mizigo. Mama akanitazama juu ya kichwa chake. Hakukuwa na ushindi machoni mwake, ningependa uwepo, ningepata wa kumkasirikia.

Akamsahihisha Grover: "Sema bibi." Akasema, "Ndiyo, mama."

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Gwaride la shule. Nimeshona mikanda myeupe mia mbili na themanini kwa mwezi mmoja na leo nimeiona yote ikitembea. Nilikuwa natafuta mshono uliopinda badala ya kutazama watoto! Kazi mbaya.

Darasa la Grover walikuja nyuma ya ngoma. Glavu nyeupe, zake nilimshonea mwenyewe, rozeti ya utepe wa rangi tatu kifuani, midomo imepasuka kwa upepo. Alitupa miguu juu kuliko wote. Uso wa jenerali. Mama alilia waziwazi na kumwambia kila aliyekuwa karibu, yule, yule wa tatu, ni wetu.

Walipofika mbele yetu akatoka kwenye mstari. Hivi hivi, akatoka! Mwalimu anaita, ngoma zinakwenda. Nilijua anakuja kwa Mama. Mama naye alijua, akafungua shali. Grover akasimama mbele yangu na kuninyooshea mkono. "Zulma, imetoka."

Glavu. Ilikuwa inaning'inia kwenye vidole viwili. Nikamvalisha, nikafunga kifungo cha kifundoni. Akakimbia kurudi, akaukuta mstari, akakosea mguu, akapatia.

Mama alifunga shali lake taratibu. "Glavu umeshona wewe," akasema. "Ndiyo maana." Sijui alikuwa ananifariji mimi au anajifariji yeye.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Sikukuu. Siku ya kumi na sita.

Mama alipika. Grover alikula sahani mbili, tangu aje kwangu alikuwa anakula nusu. Alimwonyesha mfereji wa barafu, choo, kitanda, farasi wa blanketi. Aliongea bila kituo. Mimi nilikuwa sijui kwamba mtoto huyu ni msemaji! Ana kigugumizi kidogo kwenye herufi p. Wiki mbili nyumbani kwangu, sikupata kukisikia.

Nikaona. Sikutaka kuona, nikaona.

Wakati wa kuosha vyombo nikamwambia: "Mchukue, Mama."

"Sikuja kuchukua mtoto. Nimekuja kuona gwaride."

"Tulikubaliana."

"Ulikubali wewe na midomo yako. Mimi nilisema umesema mwenyewe, basi." Alikuwa anapangusa sahani iliyokauka zamani. "Mimi nina miaka sabini, Zulma. Goti hili haliendi tena shambani. Nikifa atamwita nani mama? Kuku?"

Nikamwambia, njoo ukae na sisi hapa. Akasema, na mizabibu nimwachie nani? Na hewa hii yenu ya kugawana? (Nayra amemsimulia.) Tukabishana hivyo, kila mmoja anamsukumia mwenzake anachokitaka kwa moyo wote. Wanawake wawili wajinga jikoni.

Nayra akatoka chumbani na kusema, si mumwulize Grover mwenyewe.

Tukamwuliza. Unataka kurudi na bibi? "Ndiyo." Haraka, kabla swali halijaisha. Na Zulma? Akatuangalia kama hatuna akili. "Zulma aje pia."

Zulma hawezi, nikamwambia. Zulma ana kazi, Nayra ana shule. Akafikiri. Akaenda kitandani, akaanza kuingiza vitu vyake mfukoni, kimoja kimoja, sweta kwa mikono yote miwili kama anabeba mtoto. Blanketi la farasi halikuingia. Akalikunja, akaliweka chini ya mkono.

Mpaka Desemba, shule zifungwe, tumesema. Mama aliufunga mkate uliobaki, akaufungua, akaufunga.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Kituo cha mabasi. Naandikia kwenye goti, wino unagoma kwa baridi.

Nayra yuko shuleni. Asubuhi hakumuaga mdogo wake, alimpiga kofi la kisogoni na kutoka mbio. Nilimsikia akilia kwenye ngazi.

Sikukumbuka kibali. Nilidhani mtoto na bibi yake ni mtoto na bibi yake. Lakini mkata tiketi akasema, huyu mdogo anasafiri na nani, nenda ofisi ya watoto, dirisha la mwisho, bila karatasi hapandi. Basi la saa nne. Tukakimbia watatu, Mama kwa ubavu.

Ofisa ni mwanamke mnene, kofia ya sufu, kikombe cha api mbele yake, mpole. Akamwinamia Grover dirishani kama sheria inavyotaka. Mtoto lazima aulizwe.

"Wewe bwana mkubwa, unakwenda wapi?"

"Camargo."

"Na nani?"

"Na mama." Akamwonyesha Mama.

Mama akasema haraka: "Bibi. Mimi ni bibi yake, mwanangu, amezoea tu." Ofisa akatazama cheti cha kuzaliwa. Akatazama kitambulisho cha Mama. Akanitazama mimi, nimesimama nyuma na mfuko na farasi.

"Na huyu ni nani wako?"

Watu watano nyuma yetu kwenye foleni. Niliangalia sakafu. Vigae vya kijivu, mstari mweusi.

"Zulma," akasema Grover.

Ofisa akasoma cheti tena, kwa kidole. Mstari wa baba una kistari tu. Mstari wa mama una jina. "Zulma Calizaya," akasoma. Akamwambia Grover, polepole, kama anayemfundisha kusoma saa: "Sikiliza, bwana mkubwa. Mama aliyeandikwa hapa ni huyu. Bila yeye kutia sahihi, wewe huendi popote. Hata bibi alie, hata mimi nilie, hata dereva alie. Ni yeye tu." Akanisukumia fomu. Nakala ya kitambulisho nilikuwa nayo, kwa bahati. Muhuri hana, umeazimwa dirisha la pili. Akaenda kuufuata. "Nikirudi nikute sahihi, mama," akasema.

Tuko kwenye benchi. Mama katikati, Grover upande wa pili, mimi huku. Fomu iko juu ya daftari hili. Nimeisogeza ili niandike. Jina la mtoto nimeandika. Umri, shule, sababu ya safari: nimeandika "kumtembelea bibi", uongo mdogo. Jina la mama: Zulma Calizaya. Ni karatasi ya kwanza maishani mwake ninayoijaza mimi mwenyewe kama mama, na ni ya kumwondoa.

Sahihi bado.

Sasa hivi ameuliza, ameegemea magoti ya Mama ili anione: "Zulma, ukikataa siwezi kwenda?"

Huwezi.

"Na mama akitaka?"

Hata bibi akitaka.

Amerudi nyuma kwenye kiti. Anatikisa miguu. Mama anatazama saa ya ukutani, anajifanya hasikii, ameshika mkono wangu wa kushoto chini ya shali na anauminya mpaka mifupa inauma. Dereva ameanza kuwasha. Kijana wa basi anaita Camargo, Camargo, wa mwisho! Ofisa namwona anarudi na muhuri, anasimama njiani kumsalimia mtu.

Grover ameshuka kwenye benchi. Amekuja mpaka mbele yangu, blanketi linaburuta sakafuni, anaangalia kalamu inavyokwenda. Hajui kusoma mwandiko wa kuunganisha.

"Mama," amesema, "umeshaandika?"

Mama yangu hakugeuka. Grover amenitazama mimi.

Sijui anataka niseme nini. Namtafuta usoni, sioni. Nimemwambia bado, baba. Bado naandika.